Mashimo Kumi na Moja katika Mfuko wa 94

Alhamisi, tarehe 9 Agosti. Asubuhi anga safi, hakuna wingu hata moja. Saa kumi na mbili nyuzi mbili juu ya kuganda. Upepo mdogo kutoka ukingo wa kaskazini. Saa tisa alasiri mawingu membamba ya juu. Mvua hakuna.

Ndivyo nilivyoandika siku hiyo kwenye daftari la hali ya hewa la kituo, na sikuongeza neno, kwa sababu daftari lile halina safu ya mambo ya watu. Yaliyobaki nayaandika hapa. Yanamhusu fundi wetu wa mifuko, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Giza.

Wageni wachache waliofika kule juu waliuliza swali moja: darubini iko wapi? Walitazamia kuba jeupe na bomba refu lililoelekezwa mbinguni. Walichokiona ni matangi mia moja na ishirini ya bati, mapana, yamejipanga kwenye uwanda wa mawe kama matangi ya maji ya mji ambao haupo. Fundi Waya, aliyeshughulikia umeme na vipimo, alikuwa na jibu lake: "Umesimama katikati yake, mzee. Usije ukaikanyaga."

Alikuwa anasema kweli. Kuna mionzi inayotoka kwenye nyota zilizolipuka na kwenye mashimo meusi yanayomeza kila kilicho karibu, mionzi yenye nguvu kiasi kwamba kioo cha darubini ya kawaida hakiwezi kuikusanya; ukiitegea kioo inapenya. Wala haifiki chini ilivyo. Ikigonga hewa juu kabisa, inavunjika na kuzaa chembe nyingi, nazo zinazaa nyingine, mpaka zinashuka kama manyunyu. Sisi tulikuwa tumepanda juu mlimani ili tuyakute manyunyu hayo kabla hayajaisha nguvu. Chembe ikiingia kwenye tangi, inapita ndani ya maji upesi kuliko mwanga wenyewe unavyopita humo, na inapopita maji yanatoa mng'ao hafifu wa samawati. Chini ya kila tangi kuna macho manne ya kioo yanayotazama juu. Yakiuona mng'ao huo, yanapeleka habari kwa waya. Tangi hili likiona kabla ya lile, kwa tofauti ndogo ambayo saa ya mkononi haiwezi kuipima, mtu anaweza kujua manyunyu yametoka upande gani wa mbingu.

Ila macho yale hayachagui. Mwanga ni mwanga. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano likiingiza jua la mchana, jicho linapiga kelele kutwa nzima na habari ya nyota inapotea ndani ya kelele. Kwa hiyo maji hayakukaa kwenye bati. Yalikaa ndani ya mfuko mkubwa mweusi wa plastiki nzito, upana wake hatua tisa, uliofungwa juu kama gunia. Kazi ya Mama Giza ilikuwa kuhakikisha kwamba ndani ya mfuko huo hakuna mwanga kabisa.

Aliifanya hivi. Mfuko mpya ulitandazwa uani, jua likiwa kali, ukajazwa upepo kwa feni mpaka ukasimama kama mkate mweusi mkubwa kuliko nyumba. Yeye alivua viatu na saa, akaingia kwa mkono wa kitambaa uliokuwa ubavuni, akaufunga nyuma yake. Ndani alikuwa na kigoda, ufito mrefu wenye utepe mweupe kwenye ncha, na mfuko wa sufu. Mtu akitoka juani haoni kitu. Macho yanahitaji dakika ishirini kuzoea giza. Kwa kuwa saa hairuhusiwi humo kwa ajili ya mng'ao wake, alizipima dakika kwa kufuma. Mistari mitano ya sweta kwa kupapasa ilikuwa dakika ishirini, wala hakukosea. Mstari wa tano ukiisha aliinua uso, na pale plastiki ilipokuwa na tundu palionekana nuru, kidoa tu, kama nyota. Alinyanyua ufito akabandika utepe juu yake. Akimaliza alitoka, mfuko unashushwa, naye anaziba matundu kwa vibandiko na pasi ya moto.

Sweta lenyewe lilikuwa la mjukuu wake. Alimwona mara moja tu, akiwa wa miezi minne. Siku nilipomuuliza limefikia wapi alinionyesha kiwiliwili kirefu cha rangi ya udongo, bila mikono.

"Kila nikisema nimemaliza, nakumbuka kwamba ameshakua," alisema. "Naongeza tena."

Zamani alikuwa akishona maturubai ya malori. Alipanda mlimani na mumewe, fundi wa kuunga mabati ya matangi, na mume akafia hukohuko mwaka wa nne, kwa moyo, asubuhi akivaa buti. Binti yao alikuja kumchukua mama. Kichwa kilimuuma kwa sababu ya hewa nyepesi, akalala siku mbili, na siku ya tatu akasema, "Mama, funga mizigo tushuke." Mama Giza akajibu kwamba mifuko sita haijakaguliwa. Ukuta wa chumba chake na wa ofisi yangu ni ubao mmoja, kwa hiyo nilisikia jibu la binti pia. "Basi kaa na mifuko yako," alisema, kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angepaza. Hiyo ni miaka miwili na ushei. Simu zilikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha zikakoma. Hakuwahi kunilalamikia. Ila alipokuwa akila, alichagua kiti cha mwisho wa meza, na kile cha pembeni yake aliwekea sweta.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Niliandika hewa, maji yaliyoingia, vifaa vilivyotoka ghalani, na kwenye ukurasa wa mifuko kulikuwa na safu aliyoiita yeye mwenyewe "nyota": idadi ya matundu katika kila mfuko. Mwaka wa kwanza wa daftari langu ni tisa, saba, kumi na mbili, nane. Baadaye sita, nne, tatu. Kuanzia Desemba ni moja, sifuri, sifuri, na sifuri tena mpaka chini ya ukurasa. Watu walifurahi. Walisema kiwanda kimebadilisha plastiki. Mkuu wa kituo, mwanamke mtaalamu wa anga aliyesema maneno machache na kuyapima yote, alimpa Mama Giza barua ya pongezi. Fundi Waya alimtania mezani.

"Mama Giza, leo umezima nyota ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri tena? Umezimaliza zote. Sasa sisi tutatazama nini, tutafukuzwa kazi."

"Wewe utafukuzwa kwa mdomo wako, mwanangu. Nyota hazihusiki."

Mimi niliandika sifuri zile moja baada ya nyingine kwa mwandiko safi. Najilaumu. Mtu anayeandika namba kila siku angepaswa kujua kwamba namba haishuki hivyo bila sababu.

Mnamo Mei tangi la 61 likaanza kelele. Liko katikati ya uwanda, na likichafuka linaharibu hesabu za majirani zake. Mfuko wake ulikuwa umekaguliwa Januari, nyota sifuri, kwa hiyo hakuna aliyeufikiria. Macho yakafikiriwa. Fundi Waya alibadilisha jicho la kwanza, la pili, kisha la kwanza tena. Alibadilisha waya mzima. Kelele haikwisha. Mwishoni mwa Julai Mkuu alimwandikia barua: tangi la 61 lisipotengemaa kufikia tarehe 15 Agosti, mkataba wake hautaongezwa. Ana mke na watoto watatu huko chini. Alichukua karatasi ya kipimo cha kelele, siku tisini zimechorwa mstari mmoja wa kupanda na kushuka, akaibandika ukutani kwenye chumba cha kulia. Chini yake aliandika: *Nimebadilisha macho, nimebadilisha waya, nimebaki mimi.*

Tulicheka. Mama Giza hakucheka. Nilimwona amesimama mbele ya karatasi ile, pua karibu iguse ukuta, akiufuata mstari kwa kidole.

Alhamisi hiyo, saa sita na nusu, alikuja ofisini na karatasi ile mkononi. Alifunga mlango.

"Karani, una nafasi?"

"Ninayo, dada. Keti."

Hakuketi. "Nisomee siku zenye mawingu. Kuanzia mwezi wa tano."

"Zote?"

"Zote. Maandishi yako siku hizi madogo."

Maandishi yangu ni yaleyale tangu nilipomaliza shule. Zamani aliyasoma kutoka mlangoni na kunicheka kwamba naandika kama chungu anatembea. Lakini nilifungua daftari.

"Tarehe tatu Mei, mawingu mazito mchana kutwa."

Alipeleka kidole kwenye mchoro, akainama. "Chini. Endelea."

"Tarehe nne, anga safi."

"Juu."

"Tarehe tano, safi mpaka saa saba, kisha mawingu."

"Juu, halafu chini kuanzia mchana. Endelea."

Kufika siku ya kumi nilikuwa nimeelewa. Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Dada, imetosha."

"Haijatosha. Umeandika siku tisini. Soma siku tisini."

Nikasoma. Ilichukua karibu saa nzima, na kila siku ya wingu mstari ulishuka, na kila siku ya jua ulipanda, ukianza saa nne asubuhi, pale jua linapofikia upenyo wa paa la tangi. Nilipofunga daftari alikunja karatasi mara mbili.

"Jicho bovu halichungulii nje kwanza lione kama kuna wingu," alisema. "Hilo ni jua. Mfuko una tundu."

"Huenda uliharibika baada ya kuwekwa."

"Huenda. Umewahi kuingia ndani ya mfuko?"

"Sijawahi."

"Njoo. Vua viatu, na saa uiache hapa mezani."

Uani kulikuwa na mfuko wa 94. Ulikuwa wa mwisho katika mifuko kumi na mmoja ya safu mpya ya matangi; wiki iliyotangulia aliukagua, na mimi niliandika sifuri. Magari ya maji yangeanza kujaza safu hiyo Jumatatu, na tangi likishajaa, kuliona tundu ni mpaka umwage maji yaliyojazwa kwa siku kumi na mbili. Aliwasha feni. Mfuko ulinyanyuka polepole, ukajikunjua, ukasimama. Nikamfuata kupitia ule mkono wa kitambaa, akaufunga nyuma yangu.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya plastiki mpya. Sikuona hata mkono wangu. Feni ilivuma mbali, na plastiki ilipumua juu yetu kwa sauti ndogo. Alinishika bega akanikalisha kwenye kigoda; yeye alikaa chini.

"Usizungumze sana, utasahau kutazama," alisema. Kisha nikasikia sindano zake. Zilikuwa za mbao, zinagongana kidogo, zinatulia pale anapogeuza mstari, zinaanza tena.

Nilifikiri kuhusu siku zake. Miaka saba humu, mfuko baada ya mfuko, dakika ishirini za kutoona kitu, na hakuna wa kumwambia mstari umefika. Nilikaa upande wa pili wa ubao wake muda wote huo na sikuwahi kumuuliza humu ndani pakoje.

Nyota ya kwanza niliiona kwenye mstari wa tatu. Nilidhani macho yananidanganya, nikayafumba nikayafumbua. Ilikuwapo, juu kushoto, nyeupe, imetulia. Ya pili ikaja chini yake. Kisha zikatokea pamoja, hapa na pale, moja karibu na mshono ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilitupa uzi wa nuru uliofika sakafuni, na vumbi likipita ndani yake. Sindano ziligonga mstari wa tano, zikanyamaza.

"Haya," alisema. "Unaona ngapi?"

Nilimtazama. Kwa nuru ile niliweza kuona umbo lake: amekaa, uso ameuinua, anageuza kichwa taratibu kutoka upande huu hadi ule, kama anavyofanya siku zote. Uzi wa nuru ulikuwa umemwangukia begani.

"Mbili," nikasema.

"Karani, wewe hujawahi kuandika uongo kwenye daftari. Usianzie humu. Ngapi?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," akarudia. Akashusha pumzi. "Mimi naona moja, tena hata hiyo siioni, naihisi tu kama ukungu. Iko upande wa mshono?"

"Ndiyo. Imekuangukia begani."

Aligusa bega lake, akaacha mkono hapo. Baadaye alisimama, akaupapasa ufito, akanipa. Alinielekeza namna ya kushika: ncha isitikisike, ufito uinuliwe taratibu, utepe ubandikwe kwa kusukuma na si kwa kupiga. Nilibandika kumi na moja. Kila moja ilipozimika nilisema "tayari," naye akaitikia "haya," mpaka ikabaki giza tupu, na ndani ya giza hilo sisi wawili.

"Zikoje?" aliuliza kabla hatujatoka. "Mwaka wa kwanza nilikuwa naona aibu kuziziba. Zilikuwa nzuri."

"Bado nzuri," nikasema.

Nje alivaa viatu bila haraka na akaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Aliniomba niende naye na daftari. Nilisimama karibu na mlango.

Alieleza kwa sentensi nne. Mfuko wa 94 una matundu kumi na moja na yeye alisema sifuri. Mifuko yote aliyoikagua tangu Desemba haiaminiki, kumi na mmoja wa safu mpya na ule wa 61. Macho ya Fundi Waya hayana kosa. Macho mabovu ni ya kwake.

Mkuu alitazama karatasi ya kelele, akatazama kurasa zangu za hewa, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali hesabu.

"Ulijua lini?"

"Kwamba sioni vizuri, tangu Desemba. Kwamba ni mfuko wangu unaopiga kelele, tangu juzi, nilipoitazama ile karatasi."

"Miezi minane. Kwa nini hukusema?"

Mama Giza alitoa karatasi nyingine kwenye mfuko wa sufu. Ilikuwa imekunjwa mpaka imelegea kwenye mikunjo. Ni fomu aliyopewa na daktari siku wafanyakazi wote walipopimwa afya: mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Operesheni, kisha apumzike jicho likiwa limefungwa. Mstari wa mwisho ulisema: *Jina la ndugu au mtu atakayempokea mgonjwa.* Mbele yake palikuwa patupu.

"Operesheni hiyo ni ya nusu saa," Mkuu alisema.

"Najua. Siogopi kisu."

"Basi nini?"

"Nilifika mpaka kwenye dirisha la hospitali, mwezi wa kwanza. Yule wa mapokezi akaniuliza, mama, nani atakuja kukuchukua? Nikamwambia nitakuja kesho. Nikapanda gari nikarudi."

Mkuu alisoma tena mstari ule. "Una binti."

"Binti ninaye. Sijui kama yeye ana mama."

Feni ya uani ilikuwa bado inavuma. Tulikuwa tumesahau kuizima. Mwishowe Mkuu alisema alichopaswa kusema. Kujaza safu mpya kunasimama. Barua ya Fundi Waya itachanwa. Jumatatu atakuja mkaguzi kutoka kiwandani, na chumba cha fundi wa mifuko ni kimoja tu, kwa hiyo kitahitajika. Akitibiwa na akaona, watazungumza. Hakuahidi zaidi ya hapo, na nadhani ndivyo ilivyokuwa haki, ingawa nilitamani aseme kitu kingine.

"Gari la maji linashuka kesho saa moja," Mkuu alisema. "Panda hilo."

"Sawa," alisema Mama Giza, akachukua fomu yake.

Jioni, chumba cha kulia kilikuwa kimeshasikia. Alikaa kiti chake cha mwisho. Fundi Waya aliingia, akaenda akasimama mbele yake na sahani mkononi. Nilitazamia utani, labda na Mama Giza alitazamia hivyo.

"Mama, nimetupa macho matatu mazima," alisema.

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Wiki ijayo ningekuwa nyumbani nawaeleza watoto."

"Ndiyo maana nimesema."

"Ungesema Desemba." Hakupaza sauti. Aliweka sahani mezani, chakula hakijaguswa, akatoka. Wengine walikula wakitazama sahani zao. Mama Giza alimaliza chakula chake chote, polepole, akaosha sahani yake na ile ya Fundi Waya, akaenda chumbani. Kupitia ubao nilimsikia akifungua masanduku. Nilisimama mara mbili kwenda kubisha hodi. Mara mbili nikakaa.

Ijumaa, tarehe 10 Agosti. Anga safi. Nyuzi sifuri kamili saa kumi na mbili. Upepo hakuna.

Nilipotoka kusoma kipimajoto, taa ya banda ilikuwa inawaka na harufu ya pasi ya moto imefika uani. Alikuwa amepiga magoti juu ya mfuko wa 94 uliotandazwa, macho ameyafumba kabisa, anapapasa plastiki kwa viganja kutafuta utepe. Akiupata, alipima kwa vidole vitatu, akaweka kibandiko, akashusha pasi, akahesabu kimya mpaka kumi na tano, akainyanyua. Alikuwa amefika cha kumi. Sikumsemesha. Cha kumi na moja kilikuwa kile cha mshono; alikipitisha pasi mara mbili.

"Washa feni," alisema, kumbe alijua nimesimama pale. "Jua limeshatoka?"

"Linatoka sasa."

"Ngoja lipande ukingo. Kisha ingia wewe."

Niliingia peke yangu. Sikuwa na sindano wala sijui kufuma, kwa hiyo alikaa nje, mgongo wake ukiegemea plastiki karibu na sikio langu, akafuma yeye, akinihesabia mistari kwa sauti. Mmoja. Miwili. Aliposema mitano niliinua uso, nikageuza kichwa taratibu kila upande kama nilivyomwona yeye. Nilikaa zaidi ya ilivyohitajika.

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Kweli?"

"Kweli, dada."

"Basi hiyo iandike."

Aliizungushia pasi waya wake, akaitundika msumarini, na ufunguo wa banda akautundika juu yake. Halafu alikwenda nyuma ya nyumba ya pampu, mahali pekee ambapo simu zinashika. Nilimwona kutoka ofisini. Aliisogeza simu karibu na jicho la kushoto, akabonyeza, akaiweka sikioni. Alisubiri. Akabonyeza tena. Mara ya tatu alisubiri muda mrefu sana, akawa anachorachora changarawe kwa ncha ya kiatu, kisha akaishusha simu akaifuta kwa khanga yake, ingawa haikuwa na kitu.

Dereva wa gari la maji alipiga honi. Mama Giza alipita dirishani kwangu, akaweka ile fomu juu ya daftari, bila kuingia.

"Nitunzie nakala," alisema. "Pale mwisho nimekuandika wewe. Operesheni za macho hufanywa Jumatano. Ukiona haifai, futa."

Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka nje ya mstari: *Karani wa kituo. Jirani.*

Nikasema, "Saa ngapi Jumatano?"

"Saa nne," alisema, na akachukua karatasi yake. Nakala niliiandika baadaye, kwa kumbukumbu.

Fundi Waya hakutokea, ila sanduku lake la vifaa lilikuwa limewekwa chini ya mlango wa gari, kuwa ngazi. Mama Giza aliligusa kwa mguu kwanza, akapanda. Alikaa dirishani upande wa kushoto, ili jicho lake la kushoto litazame nje na barabara. Gari lilipoanza kushuka kupita safu ya matangi alikuwa ameshatoa sindano, na alikuwa anaanza mkono wa kwanza wa sweta.